Nzioka Akataa Nanga

Nzioka wa Ngoliba hakujua kuogelea. Alikuwa fundi wa gereji moja ya Thika, na kazi yake ilikuwa pampu za mashamba ya katani na kahawa. Mwaka wa 1957 Bedan Kang'ethe, mtu wa Ruiru aliyejifunza kupiga mbizi jeshini, aliajiriwa kukagua matumbawe kusini mwa Mombasa, akamwomba Nzioka aende kutunza injini ya mashua. Mkewe, Ndila, alikaa siku mbili bila kumsemesha. Nzioka akaenda hivyo hivyo.

Siku ya nne Bedan alijitosa kwenye mlango wa mwamba, pengo la kutokea bahari kuu, maji yakitoka kwa kasi. Hakuwa akiogelea, aliacha mkondo umbebe juu ya matumbawe huku mashua ikifuata mapovu yake. Mtungi wa hewa ulimtosha dakika arobaini.

Dakika ya kumi injini ikazimika.

Nahodha Bwanaheri akashika nanga. "Natia, la sivyo tutatupwa bahari kuu."

"Usitie," Nzioka akasema.

"Wewe mtu wa bara unajua nini?"

"Bedan anabebwa na maji haya haya. Tukisimama hapa, ataibuka mbali na hatutamwona. Tukiachilia, tunaenda pamoja naye." Kwao, Mto Athi ulipofurika, aliwahi kuona magogo mawili yakiteremka sambamba mpaka yakapotea kwenye kona.

Bwanaheri hakuitupa nanga, wala hakuiweka chini.

Nzioka akafungua bomba la petroli. Lilikuwa na maji. Akalivuta kwa mdomo, akatema, akavuta tena. Akajaribu injini; ikakohoa, ikanyamaza. Minazi ya pwani ilikuwa imebaki mstari mwembamba. Mawimbi yakapanda, mapovu hayakuonekana tena. Bwanaheri alikuwa akisali kwa sauti ya chini.

"Kama nimekosea," Nzioka akasema, "nimemuua."



Kisha mkono ukaibuka upande wa kushoto, hatua kama arobaini. Walipiga makasia mpaka wakamfikia, wakamvuta ndani akitapika maji ya chumvi.

"Mbona sikusikia injini?" Bedan akauliza.

"Ilizimika, kitambo."

Bedan akaitazama pwani ilivyokuwa mbali. Akamshika Nzioka bega, akaketi.

Injini iliwaka baada ya saa nzima. Kwa wiki sita zilizobaki Nzioka alichuja petroli kwa kitambaa kila asubuhi, mara mbili, na hakuna aliyemharakisha.