Maji ya Mama Yalichemka

Mama yangu aliamini kuchemsha maji kuliko dawa zote. Kipindupindu kilipopita mtaani kwetu Kolwezi, majirani walizika, sisi hapana, na sababu ilikuwa birika lake juu ya mbabula, jiko lake la makaa. Nani angemwambia kitu?

Halafu bwawa letu la samaki likageuka kijani. Rangi iliganda juu kama uji na ilinuka vibaya. Majirani wakasema ni mukuba, shaba imeshuka kutoka mgodini. Kwetu kila kitu cha kijani ni mukuba! Muuguzi wa kituo cha afya akaja, akatazama banda la kuku lililomwaga mavi bwawani, akasema ni mwani wenye sumu na sisi wenyewe ndio tunaoulisha. Tuhamishe banda, tusifulie pale, maji tuchote pompi. "Na musijidanganye na kuchemusha. Hii sumu moto haiitoe."

Banda tulihamisha siku ileile. Lakini mama, mh! Pompi ilikuwa mbali na mguu ulimuuma, akaendelea kuchota bwawani. Hata mbwa wetu alipokufa kando ya bwawa, alinijibu, "Ile imbwa ilikunywa ya baridi. Mi niko nachemusha."

Nilimwaga birika kwa hasira. Nikigeuka, analijaza tena. Niliogopa, naogopa mpaka leo nikikumbuka, kwa sababu nikienda soko binti yangu, aliyeanza tu kutembea, alishinda naye. Kila asubuhi nilimwachia chupa ya maji ya pompi. "Mama, ya mutoto ni hii."

"Nimesikia, mama," alinijibu.

Siku moja nilirudi nikamkuta mama ameketi mlangoni, mapajani kuku wake aliyekufa. Kuku yule alikunywa mabaki ya kikombe chake kila siku. "Alikunywa ya kwangu," alisema. "Ya kuchemusha."

Nilifungua mdomo nimwambie, si nilisema! Ndipo nikaiona chupa. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni, kama nilivyoiacha.

"Mama, mutoto amekunywa nini?"

"Ile yako haikuchemuka," alisema polepole. "Niliogopa itamuletea ugonjwa."

Binti yangu alitapika siku nzima, akapona, Mungu ni mwema. Lakini njia yote ya kituo cha afya mama ndiye aliyembeba, anakimbia na mguu wake ule mbovu, na mimi nyuma sikuweza kumfikia.