Nashona Suti za Kupandia Ndege, na Ndege Sijawahi Kupanda

Ficheni jina langu na la mji wetu. Semeni tu ni mji mdogo chini ya Mlima Kenya, kando ya barabara ya Nanyuki. Nina miaka arobaini na sita, mke mmoja, watoto watano na cherehani mbili. Ni fundi wa nguo, na tangu tupate uhuru vijana wakaanza kupelekwa ng'ambo, nasifika kwa jambo moja: nguo za kupandia ndege. Ndege yenyewe huwa naiona kutoka chini, ikipita.

Ilianza na mwalimu mmoja wa hapa aliyepata nafasi ya kusoma Uingereza. Aliingia dukani akauliza, "Fundi, kwa ndege watu huvaa nini?" Ningesema sijui, mambo yangeishia hapo. Lakini duka lilikuwa limejaa, na fundi hasemi hajui mbele ya watu. Nikatazama mlima. Ndugu yangu ni mpagazi, hubebea wazungu mizigo mpaka kwenye theluji, na huniambia baridi ya kule hugandisha chai kwenye kikombe. Nikafikiri: kama juu ya mlima ni hivyo, na ndege inapita juu kuliko mlima, basi mle ndani ni hatari tupu. Nikajibu, "Mwalimu, ni sufu nzito, bitana ya blanketi, na kizibao. Na yote ibane mwili, upepo usipate pa kuingilia." Watu wakatikisa vichwa. Ati fundi anajua mambo.

Shati nikalifanyia kola na kifua cha popolini safi. Mgongo na mikono nikatumia kitambaa cha gunia la unga, maana nani angevua koti kwenye baridi hiyo?

Alisindikizwa mpaka uwanja wa ndege na lori zima la watu, akapanda ngazi kama waziri. Tangu siku hiyo nimevalisha wasafiri tisa, hata karani mmoja wa mradi wa mpunga aliyetoka Mwea kunitafuta mimi, na mchungaji. Hakuna aliyelalamika.

Sasa zamu imefika kwangu. Binti yangu wa kwanza, tumwite Wairimu, ana miaka ishirini na anaenda ng'ambo kusomea uuguzi mwezi ujao. Nimemshonea suti ya kijani, sufu tupu, sketi nyembamba. Akina mama wa kanisa walikuja kuiona wakapiga vigelegele. Wiki hiyohiyo nikapata barua ya yule mwalimu.

"Fundi," ameandika, "mama ameniandikia kwamba binti yako anasafiri. Hii ni yako peke yako. Ndani ya ndege kuna joto kama jikoni. Wenzangu walivaa sweta nyepesi na viatu vya kulegea, wengine wakavivua kabisa. Mimi jasho lililowesha bitana yote, na koti singeweza kuvua, wewe unajua kwa nini. Miguu ilivimba. Kizibao kilinibana mpaka nikazimia, wakanimwagia maji. Usimwambie mtu. Nyumbani niliandika kwamba suti ilikuwa nzuri sana."

Nikaelewa kwa nini hakuna aliyelalamika. Nani atasindikizwa na lori zima halafu aandike kwamba alizimia?

Na kuna jambo lilinipiga baadaye. Miaka yote nimepima watu wakiwa wamesimama, na hakuna anayesafiri kwa ndege amesimama. Nikamwita Wairimu avae suti, akae kwenye stuli. Alikaa nusu, akashika meza.

"Inakubana?"

"Hapana, Baba."

"Pumua."

"Si ninapumua?"

"Pumua kwa nguvu."

Kifungo kikaruka mpaka kwenye pasi ya makaa. Akacheka, akakiokota. "Iko sawa tu, Baba. Kwani kati yetu nani anajua mambo ya ndege?"

Nikajaribu kwa mama yake. Nikasema tumshonee gauni la kulegea, sweta, na viatu visivyo na kisigino.

"Baba Wairimu! Unataka mtoto aende ng'ambo kama anayeenda Karatina kununua viazi? Umeshonea karani wa watu sufu, wako unamnyima?"

"Kule kuna joto."

"Nani amekuambia?"

Nikaisukuma barua ndani zaidi ya mfuko. Mama wa huyo mwalimu ndiye mwenyekiti wa kamati ya kumsindikiza Wairimu, na picha ya mwanawe kwenye ngazi ya ndege imetundikwa sebuleni kwake.

Kwa hiyo nimeshona nyingine kwa siri. Gauni la pamba, kiuno cha lastiki, mikono mipana, limeanguka vizuri mpaka chini ya goti. Vipimo nilichukua kwa macho, yeye akiwa ameketi anamenya viazi. Nasema ukweli, sijawahi kushona nguo nzuri kama hiyo. Iko chini ya majora ya vitambaa, na siwezi kumpa bila kumweleza, na kumweleza ni kukiri kwamba nimekuwa nikibuni tu. Wateja siwaogopi sana, watapata fundi mwingine wa kuwadanganya. Naogopa apande ndege akijua baba yake ni mtu wa maneno tu, na hatarudi mpaka miaka mitatu iishe. Na nikinyamaza, atazimia yeye, kati ya wageni.

Kila Ijumaa asubuhi, kabla wateja hawajaja, Wairimu hunisomea ukurasa huu wa gazeti lenu kwa sauti, mimi nikikanyaga cherehani. Mkiichapa barua hii, atakayenisomea ni yeye. Nafikiri akifika kwenye suti ya kijani sauti itapungua, na mimi nitajifanya natafuta sindano. Nishaurini, ndugu wasomaji: akinyamaza, aniangalie, neno langu la kwanza liwe lipi?