Pamba Ndani ya Bati

Gari la baba lilikuwa la viti viwili, jekundu, halina paa, limelala chini kama kaa. Mzungu mmoja aliyekuwa na nyumba huku kisiwani Mafia alimwachia alipohama, kwa sababu baba ndiye aliyemtunzia boti yake miaka yote. Baba alikuwa fundi wa mashua. Hakuna mashua yake iliyovuja, na hilo alilisema mwenyewe, hakungoja kusifiwa.

Kisha kiharusi kikampiga upande mzima wa kulia. Akawa wa kulala, kitanda kando ya dirisha, na gari nje ya dirisha kwenye banda la makuti, hewa ya chumvi inalitafuna. Alitaka kitu kimoja tu: aende Kirongwe kumzuru mama yake kaburini, mara ya mwisho, kwa gari lake. Nilimwambia nitakodi haisi, tutamlaza kiti cha nyuma.

"Kwani mimi gunia la nazi?"

Injini ilikuwa inawaka. Ugonjwa ulikuwa kutu. Mume wangu alikuwa dago, kambini na wavuvi wenzake, huko Kilwa. Nilipompigia simu aje anisaidie japo siku chache, alicheka.

"Mama watoto, uza hilo kopo wakayeyushie sufuria."

Nikamkatia. Mpaka leo nikikikumbuka kile kicheko natafuta cha kurusha.

Basi nikamfunga mtoto mgongoni, nikaanza mwenyewe, brashi ya waya na msasa. Vumbi jekundu likatuingia puani, mtoto anapiga chafya, kanga zote zikashika rangi ambayo sabuni haiitoi. Na baba anasikiliza. Maneno yalikuwa mazito mdomoni mwake, lakini kila asubuhi lazima aite.

"Upo wapi?"

"Mlango wa kushoto, baba."

"Usipapase. Sugua!"

"Njoo usugue wewe."

Anacheka kwa upande mmoja wa uso. Zile ndizo asubuhi zangu nzuri za mwaka ule, na nilizipata nikiwa nimepiga magoti mchangani.

Kutu ilipotoka, mlango ulikuwa mzima. Nikashuka chini yake, pale unapokutana na sakafu. Rangi ya pale ilikuwa nene ajabu. Nikaigonga kwa tindo, kikabanduka kipande, na nyuma yake sikuona bati. Niliona pamba.

Kalafati! Kabla ya kuugua, baba aliyaona matundu ya kutu, akayaziba kama anavyoziba kati ya mbao na mbao: pamba iliyosokotwa, ikaloweshwa mafuta ya papa, ikakazwa kwa nyundo, rangi juu yake. Kazi safi kabisa. Kwenye mashua ni sawa, mbao hunywa maji, huvimba, huibana pamba. Bati halivimbi. Ile pamba ilikaa humo na maji ya chumvi, ikala chuma kwa ndani huku nje gari linang'aa. Nilivuta uzi, ukaja na mwingine, nikavuta mpaka nikauona mchanga chini ya gari.

Na mjini Kilindoni gereji zipo! Hakuuliza hata mtu mmoja. Yeye, fundi wa mashua, aende akaulize vijana wa gereji?

Nikamwita fundi wa kuchomelea kutoka hukohuko Kilindoni. Alikuja kwa bodaboda, akalala chini ya gari, akaingiza kidole sakafuni, kikatokea upande wa pili.

"Dada, mimi nachomelea bati kwenye bati. Hapa nishike nini? Mkimkalisha mzee humu, ataachwa barabarani na kiti chake."

Alipoondoka, mama yangu akanishika mkono mlangoni. "Usimwambie." Lakini baba ndiye aliyenilea na neno lake kwamba mwenye chombo hadanganywi, maana ndiye atakayezama nacho. Nikaingia.

"Fundi kasemaje?"

"Haliendi, baba. Sakafu imekwisha. Pamba ilikaa na maji."

Akalitazama gari dirishani.

"Niliikaza vizuri."

"Uliikaza vizuri mno."

Nilitaka kumpigia kelele, awe mgonjwa asiwe. Halafu nikauona ule mkono wake mzima juu ya shuka, vidole vinasokota hewa, taratibu, kama vinaandaa pamba. Akageukia ukutani. Kirongwe hakuitaja tena.

Kesho yake sikuligusa gari. Nilifua, nikachambua dagaa. Jua lilipopanda nikamsikia.

"Mbona kimya?"

Nikamfunga mtoto, nikachukua brashi, nikaenda kwenye ule mlango wa kushoto, ambao kalafati yake haikuufikia. Kutu ya pale ilishakwisha zamani. Nilisugua bati zima.

"Upo wapi?"

"Mlangoni, baba."

"Usipapase."

Nikasugua.