Mkosi wa Nafasi ya Sita

Spana hakuwa mtu wa kubembeleza mtu wala chuma. Alikuwa amezeekea chini ya magari ya mashindano, na oili ilishaingia kwenye mistari ya viganja vyake isitoke tena kwa sabuni ya aina yoyote. Ukimbishia kuhusu injini anakupa mgongo, mazungumzo yakaishia hapo. Wenzake hawakumpenda sana, naye hakuwadai upendo. Neno moja tu lilimpandisha mori: bahati. "Gari halijui bahati," alizoea kuwaambia. "Linajua umelitunza au hukulitunza."

Msimu huo timu yake ilimaliza ya sita kati ya timu nane, baada ya kuongoza hadi katikati. Mara mbili gari lilichemsha likiwa mbele ya wote, injini ikafa. Spana aliifungua kwa mikono yake mwenyewe, akajua. Taa ya joto iliwaka, dereva akaiona, akaendelea kukanyaga mafuta kwa uroho wa ushindi. Tatizo ni kwamba dereva huyo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, na dada alikuwa na mimba kubwa.

Siku ya kikao cha kufunga msimu, dada alimdaka kabla hajatoka nyumbani. Tajiri, yaani mwenye timu, alikuwa ameapa kwamba aliyewaangusha ataondoka.

"Kaka yangu, funika kombe mwanaharamu apite," dada alimsihi. "Sema ilikuwa bahati mbaya. Nitalea watoto kwa kitu gani huyu akifukuzwa?"

Timu nzima ilikaa karakanani, kwenye viti vya plastiki, kulizunguka gari lisilo na injini. Ilikuwa vita tupu. Mtu wa matairi alimtukana mtu wa mafuta, naye akamrudishia kwa riba. Tajiri akawanyamazisha, akauliza swali moja: nafasi ya sita ni uwezo wao au ni bahati? Dereva akasimama kifua mbele. Uwezo wanao, akasema, maana injini ilipokufa nani alikuwa mbele? Kilichowaangusha ni bahati tu. Macho yote yakamgeukia Spana, fundi wao.

"Ilikuwa bahati mbaya," Spana akasema, na lile neno lilimkera kinywani.

Tajiri alijikuna kidevu. Bahati mbaya mara mbili, akasema, gari lile lile, fundi yule yule. Hapo shemeji mtu angeweza kukaa kimya. Hakukaa.

"Sikutaka kusema, Tajiri, maana ni ndugu wa mke wangu," alisema. "Lakini huyu ana mkosi. Hata timu aliyotoka ilivunjika. Si kosa lake, ila tutakufa naye."

Spana aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Aliwaeleza yote, taa ya joto, injini iliyoungua, mguu usiotaka kutoka kwenye mafuta. Tajiri alimsikiliza hadi mwisho, bila haraka.

"Sasa hivi umesema bahati mbaya," alimwambia. "Ulidanganya pale, au unadanganya hapa baada ya kuguswa?"

Wa matairi alicheka, wengine wakamfuata. Spana alijua mwongo wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Alivua ovaroli mbele yao, akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja. Shemeji yake alikuwa ameshaanza kumweleza Tajiri mipango ya msimu ujao.

Dada alikuwa anamsubiri getini kwake, mkono mmoja kiunoni.

"Amebaki?" aliuliza.

"Amebaki."

Dada alishusha pumzi ndefu, akamshukuru Mungu mara mbili, akarudi ndani haraka kumwandalia mumewe maji ya kuoga. Spana alibaki amesimama nje, sanduku la vifaa begani, akingoja naye aulizwe kama amebaki.