Nani Atampokea Mama

Mama yake Talha alifariki alfajiri, maziko yakapangwa baada ya alasiri, na kutwa nzima Talha aliwaza kitu kimoja tu: nikilia je?

Ishu ilianzia kwenye maziko ya bibi, mwaka juzi. Talha aliingia kaburini kumpokea, mwili haujafika hata mikononi kilio kikamtoka. Wanaume wakamvuta mkono, wakamtoa, akaingia mwingine. Toka siku hiyo, pale soko la Tandale anapobebaga mizigo, jina lake Bomba, kama la maji. Jitu zima, gunia begani, eti Bomba.

Leo wa kuamua ni mjomba Hija, kaka wa marehemu. Talha alimpa shikamoo, akaomba ampokee mama yake. Mjomba akasema wa kulia wapo tele, huko ndani kina mama wanatosha. Kaburini wanatakiwa watu wa kazi.

"Ukitoa sauti tu, nakutoa mie mwenyewe. Aibu ya bibi yako inatosha."

Basi Talha akakaa mkekani chini ya turubai, chai hanywi. Wana wa sokoni wakaja kumpa pole. Mmoja akamnong'oneza, "Bomba, koki umefunga lakini?" Wenzake wakainama kuficha kicheko. Talha aling'ata shavu kwa ndani mpaka akaonja damu. Jeneza lilipotoka na vilio vya kina mama vikapanda, alitangulia mbio mbio asivisikie.

Makaburini wakashuka wawili, yeye na mjomba. Watu wakatandaza shuka juu ya kaburi, wakalishika pembe zote, kama anavyositiriwa mwanamke. Mwili ukateremshwa. Talha akapokea upande wa kichwani. Mama alikuwa mwepesi kuliko gunia lolote alilowahi kubeba. Wakamlaza kwa ubavu wa kulia, wakamfungua kamba za sanda, wakapanga mbao. Ya mwisho ilipokaa, ndipo yakamtoka. Sauti hakutoa, ila mabega yalimcheza, machozi na makamasi mpaka kidevuni, na juu ya shuka wanaume karibu mia wanasubiri.

"Tayari huko?" mtu akauliza kutoka juu.

Talha akamtazama mjomba. Kazi imeisha, kila kitu kimekaa sawa. Mjomba akaupapasa ule ubao wa mwisho, akaugonga kwa ngumi.

"Bado," akajibu. "Shuka lisitoke. Kuna ubao unacheza huku."

Akampa mpwa wake mgongo, akaendelea kugonga.