Shija Hazaliwi Peke Yake

Baba yangu aliitwa Masunga, mwana wa Shija, naye alizaliwa Segese, katika nchi ya Msalala. Mama yangu aliitwa Minza, binti wa Luhende, aliyezaliwa karibu na Isaka kabla watu wa huko hawajasikia mlio wa treni. Mimi ni Kabula, kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha. Yaandike hayo kwanza, mwanangu, kabla hujaandika neno lingine lolote. Mkataa kwao ni mtumwa, na anayesahau kupataja hana tofauti kubwa naye.

Umekuja na vile vijitabu vya nasaba ulivyopewa na watoto wa katekista, ukanisomea jina la babu yangu, kisha ukaniuliza kama yaliyoandikwa ni kweli. Jana sikukujibu kwa sababu ulikuwa na haraka, nami simjibu mtu mwenye haraka. Leo keti. Kalamu yako iende kama ng'ombe wanaorudi kutoka lamboni wakiwa wameshiba maji.

Naikumbuka vizuri siku kijitabu cha tatu kilipofika kwetu Segese. Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru, na pamba ilikwisha kuvunwa. Mjini Shinyanga palikuwa na chama cha wazee na makarani waliojipa kazi ya kukusanya nasaba za koo zetu, tangu kwao mpaka Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Walipokea barua kutoka vijijini, wakazipanga, wakachapisha vijitabu vyembamba vyenye jalada la rangi ya udongo. Ilikuwa kazi njema, na hata leo sitaisema vibaya. Katekista wetu ndiye aliyekuwa msomaji pekee, naye alitusomea baada ya ibada. Mtu aliposikia jina la babu yake likitoka kwenye karatasi, alirudi nyumbani akitembea kama chifu.

Wakati huo nilikuwa nimeposwa. Mposaji aliitwa Mayunga. Usitabasamu, andika. Alifanya kazi machimboni upande wa Geita, na kila alipokuja kwetu aliendesha baiskeli siku mbili, akafika suruali yake ikiwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini. Ng'ombe wa mahari walikwisha kuchaguliwa katika zizi la baba yake. Ilibaki kuwaswaga tu.

Siku hiyo katekista alisoma hivi: kwamba Shija, mtu wa Msalala, alimwacha mwanawe Masunga akinyonya huko Segese, akaenda magharibi, akaoa tena, akamzaa Ng'wandu karibu na Geita. Masunga alikuwa baba yangu. Ng'wandu alikuwa baba yake Mayunga. Kwa maneno hayo machache, baba zetu waligeuka ndugu wa baba mmoja, na mimi na mchumba wangu tukawa kaka na dada. Kwetu huo ni mwiko usio na dawa. Watu walianza kutoka kanisani bila kunitazama.

Baba hakuwa na la kupinga. Babu Shija alikuwa mpagazi. Aliondoka na mzigo begani wakati baba akiwa bado mgongoni mwa mama yake, na hakurudi. Nani ajuaye mpagazi amelala katika nyumba ngapi? Na yule Shija wa Geita, kwa habari za watu wake, alitokea mashariki akiwa mtu mzima. Mmoja aliondoka, mwingine alifika, na chama kikawashona pamoja kama vipande viwili vya kaniki. Tena baba hakusoma, nami sikusoma, na asiyesoma huiogopa karatasi kuliko simba. Akatuma ujumbe Geita kwamba ng'ombe wasiswagwe.

Mayunga alikuja kabla wiki haijaisha. Hakuingia uani, alisimama nje ya ua wa minyaa, akamwamkia baba kwa heshima, akasema kuwa yeye angesubiri. Baba akamuuliza angesubiri nini, mimi niache kuwa dada yake? Kijana aligeuza baiskeli, nami niliyekuwa nikichungulia kutoka jikoni nikaona kuwa hakuipanda. Aliikokota mpaka akapotea machoni.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, mwanangu, na ni kosa ambalo mtu asiyejua kusoma tu ndiye angeweza kulifanya. Nilikwenda kumsaidia mke wa katekista kutwanga. Alipotoka kuchota maji, nilikichukua kijitabu, nikafungua pale nilipodhani kidole cha mumewe kilikuwa kimesimama siku ile, nikachana ukurasa na kuutia motoni chini ya chungu cha ugali. Niliamini kwamba undugu ule ulikuwa umekaa katika karatasi, na karatasi ikiungua, undugu nao umekwisha. Nilisonga ugali ule kwa furaha ambayo sikuwahi kusongea ugali mwingine.

Furaha yangu haikufika Jumapili. Mke wa katekista aliona jivu la karatasi, akamwambia mumewe, na mumewe akaja kwetu na kijitabu chake. Alikihesabu ukurasa kwa ukurasa mbele ya wazazi wangu. Kisha akaanza kucheka mpaka akavua miwani.

"Binti, ukurasa wenu huu hapa, mzima kama ulivyochapishwa," alisema. "Uliouchoma ni wa watu wa Luhende wa Isaka, wajomba zako. Na huko Shinyanga vijitabu kama hiki vimejaa makabati. Utawasongea ugali nchi nzima?"

Baba naye alicheka, akisahau kwa kitambo kuwa alikuwa na hasira. Mama hakucheka. Mimi nilikuwa nimewachoma baba yake, babu yake na ndugu zake wote, nikala chakula kilichoivishwa kwa majina yao. Kwa siku mbili hakuniita kwa jina langu. Siku ya tatu waliamua nipelekwe Nyasubi kwa Bibi Kulwa, dada wa babu Shija, mwanamke aliyeogopwa na ukoo mzima, wakitumaini kwamba ulimi wake ungenisafisha.

Nyasubi ya siku hizo haikuwa na masoko wala nyumba zilizobanana kama unavyoiona leo. Nilimkuta Bibi Kulwa akianika michembe ya viazi vitamu juu ya mwamba. Nilipiga magoti, nikamwambia mwangaluka, naye akaitikia bila kugeuka. Alinilisha kwanza, kwa kuwa alisema mwenye njaa hawezi kugombezwa akaelewa. Kisha nikamweleza yote. Aliposikia habari za baiskeli alisikitika kwa mzaha, kama bibi anavyomtania mjukuu wake, akasema nimemponza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimtarajia huyo kijana ambebe nyuma ya kiti. Nikacheka. Ghafla uso wake ukabadilika.

"Aliyekosea ukimsahihisha, kosa linakufa," alisema. "Aliyekosea ukimchoma, kosa lake linabaki, nawe umeongeza la kwako. Mama yako alikukosea nini hata ukawatia watu wake motoni?"

Nililia. Aliniacha nilie mpaka nikachoka mwenyewe, ndipo akaniuliza swali ambalo baba hakuliuliza, katekista hakuliuliza, wala chama chote cha Shinyanga hakikuliuliza.

"Huyo Shija wa Geita, Kulwa wake ni nani?"

Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nitakufafanulia. Kwetu mapacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata tumboni huitwa Shija. Jina hilo halichaguliwi na mtu. Mtoto huja nalo. Kwa hiyo kila nyumba iliyojaliwa mapacha inaweza kuwa na Shija wake, na nchi hii ina akina Shija wengi kuliko vichuguu. Wale waandishi wa chama walikuwa watu wa huku huku na walilijua jambo hilo tangu utotoni. Lakini mtu akishika kalamu huweza kuyasahau anayoyajua. Hilo nakuambia wewe hasa.

Kuuliza si ujinga, na Bibi Kulwa hakutaka kuuliza kwa mbali. Kesho yake tulipanda lori la pamba mpaka Isaka, na Isaka tukapanda treni kwenda Shinyanga. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda treni, lakini bibi hakuniruhusu kushangaa. Aliniambia nikae nikifikiria nitakavyoomba radhi.

Chama kilikuwa na chumba kimoja karibu na soko. Wazee walikuwa wamekaa, na mwandishi wao, mtu mpole mwenye mvi, alikuwa nyuma ya meza iliyojaa barua. Alimuuliza bibi kama ameleta barua. Bibi akajibu kwamba barua ni yeye mwenyewe, na amekuja bila bahasha. Wazee wakacheka. Aliniamuru kwanza niungame habari ya ukurasa, nami nikaungama nikitazama vidole vya miguu yangu. Kisha akamgeukia mwandishi.

"Mwanangu, Shija wa Segese alitanguliwa na nani?"

Mwandishi alifungua kijitabu, akafunua, akafunua tena. Akasema hawakutajwa.

"Shija hazaliwi peke yake," alisema bibi. "Mbele yake wako Kulwa na Doto. Doto alikuwa msichana, akafa kwa ndui kabla hajaota meno ya pili. Kulwa ndiye mimi. Nilimbeba Shija huyo mgongoni. Barua zenu zilipokuja Segese mliwauliza wanaume watupu. Sasa nitajieni Kulwa wa Geita."

Kicheko kilikwisha. Mwandishi alisimama, akampa bibi kiti chake, akaenda kwenye kabati. Alitafuta mpaka akaipata barua ya watu wa Geita, na ndani yake, mwanangu, yote yalikuwemo: kwamba Shija wao alitambika kila mwaka kwa kaka zake Kulwa na Doto, wanaume wawili, waliozikwa pamoja huko walikotoka. Waandishi walikuwa wameyaacha maneno hayo wakati wa kuchapisha ili kupunguza karatasi. Mmoja alifuata wasichana, mwingine alifuata wavulana. Walikuwa watu wawili, wenye mama wawili, ambao huenda hawakuwahi hata kusalimiana.

Yule mwandishi hakutafuta udhuru. Alimwomba bibi radhi mbele ya wenzake, akaandika maneno yake neno kwa neno, akatukabidhi barua yenye muhuri tumpelekee baba. Tena aliniita mimi, akanipa kijitabu kingine kizima nikampe mama. Nilipompa mama kwa mikono miwili, aliniita Kabula, na nikajua kuwa nimerudi nyumbani.

Ng'ombe waliswagwa mwezi uliofuata. Bibi Kulwa alikuja arusini, akakalia kiti cha nyuma cha baiskeli ya babu yako Mayunga kabla yangu mimi, akakataa kushuka mpaka apewe mbuzi. Kijitabu cha nne kilipotoka kilikuwa na sahihisho, na katekista alilazimishwa kulisoma mara mbili. Alipoishia Shija wetu hatukujua, na wewe usijaribu kubuni. Andika kwamba hatujui.

Sasa sikiliza nasaha yangu. Viheshimu vijitabu hivi, kwa kuwa waliovitunga walifanya kazi ambayo wengi wetu tuliivivia, lakini usiviogope. Ukikuta jina, uliza lilikuja duniani likimfuata nani. Waulize na wanawake, hasa wale wanaoogopwa, na uwaulize wangali hai, maana penye wazee haliharibiki neno. Usioe wala usimkatae mtu kwa sababu ya mstari mmoja wa wino.

Weka kijitabu cha tatu na cha nne katika mfuko mmoja, kosa na sahihisho lake, wala usikitupe cha tatu kwa kuona aibu. Weka ile barua yenye muhuri. Majina ya watu wa Luhende yanakili kwa mkono wako, yote, kwa niaba yangu. Hilo ni deni la mkono wangu uliochana. Mayatima na waliokufa wadogo usiwaruke ili kupunguza karatasi. Doto aliishi miaka michache tu, lakini bila yeye mimi nisingeolewa.

Mungu akupe afya na mvua kwa wakati wake. Akupe mwenzi asiye ndugu yako. Akikujalia mapacha, uwapokee kwa shangwe, na akiwafuata Shija, andika majina ya wote watatu siku hiyo hiyo.