Miche ya Kijani ya Mzee Kalunde

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kopo la kumwagilia, nikaambiwa nimfuate Mzee Kalunde. Ilikuwa bustani ya miche hapa Mpanda mjini, naye ndiye aliyesimamia vitalu vya mapambo. Alinionyesha koliasi, mmea unaopandwa kwa uzuri wa majani yake. Yetu ilikuwa myekundu iliyoiva.

"Hii tunakata tawi, tunalichomeka kwenye mchanga wenye unyevu," alisema. "Mche unatoka vilevile kama mama yake. Usiniulize kwa nini, binti. Mimi najua kwa mikono tu."

Mwaka wa pili tulipata kazi ya kupamba uwanja mkubwa na matawi hayakutosha. Mkuu wa Bustani akaagiza tuoteshe kwa mbegu. Mzee Kalunde alizikung'uta kutoka kwenye mimea yetu wenyewe, mimi nikimshikia karatasi. Miche ya koliasi ikiwa michanga yote ni kijani. Rangi hukolea baadaye. Ilipokolea, mingi ilikuwa myekundu, lakini hapa na pale ilisimama ya kijani tupu.

"Mzee, mbegu zetu umempa nani?" Mkuu aliuliza. "Na hizi umeziokota wapi?"

"Ni zetu, Bosi. Nimezitoa pale."

"Mmea mwekundu unazaaje kijani?"

Mzee akanitazama. Nilikuwa kibarua, nikisubiri kuajiriwa. Nikainamisha macho. Jioni hiyo alifunga jembe lake kwenye baiskeli akarudi kwao Kasokola, amefukuzwa kazi. Mimi niliajiriwa, nikapelekwa bustani yetu nyingine, ya kule Mamba.

Huko alipita Afisa Kilimo mmoja mpole, nikamuuliza swali lile lile la Mkuu.

"Kila mche una vinasaba," alisema, "yaani maagizo ya urithi ndani ya chembe zake. Kwa rangi hii hupokea agizo moja kwa mama, moja kwa baba. La nyekundu likiwepo, la kijani linajificha. Halijapotea."

"Kwa hiyo myekundu miwili inaweza kuzaa kijani?"

"Kama yote miwili imelificha agizo la kijani, ndiyo. Karibu mche mmoja katika kila minne. Ukikata tawi huwezi kuliona hilo, maana tawi ni mmea ule ule. Mbegu ndiyo inachanganya upya."



Nilitaka kuona kwa macho. Nilichukua matawi ya mmea ule ule wa Mpanda, yakakua, nikafunika maua kwa kitambaa chepesi nyuki wasiyafikie, nikayachavusha kwa mkono. Mbegu zilipoota nilisubiri rangi. Ya kijani ikatokea.

Nikapanda basi la Mpanda na trei ya miche mapajani. Mkuu wa Bustani aliitazama mche kwa mche, nikimweleza nilivyoipata. "Kumbe nilimwonea," akasema. "Mwambie arudi."

"Twende wote, Bosi."

Tulimkuta Mzee Kalunde shambani, akipalilia mahindi. Mkuu alimwomba radhi mbele ya mkewe, nami nikamweleza habari za vinasaba. Alisikiliza, akashika jani moja la kijani.

"Kazini sirudi," alisema. "Lakini asanteni kwa kuja." Kisha akanigeukia. "Siku ile, binti, haya ulikuwa huyajui."

"Nilikuwa siyajui, baba."

"Ila mbegu nilikozitoa ulikujua."

"Nilikujua."

Mkewe akatukaribisha ugali, tukala.

Nimestaafu nikiwa Mkuu wa Bustani ile ile. Vijana wanaokuja nyumbani kujifunza nawaeleza yote: kukata tawi, kufunika ua, kutong'oa mche kabla rangi haijakolea. Wanadhani sayansi ndiyo iliyomsafisha Mzee Kalunde, na kwa upande wa Mkuu ni kweli. Lakini siku ile kitaluni Mzee hakuhitaji sayansi. Alihitaji niseme nilichokiona.